Deni la Bodi na Shahada ya Siasa: Tupige Hesabu



Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mwezi wa saba, steshenari za mijini hujaa vijana wenye bahasha za kaki mikononi. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili (RITA), picha za mwombaji na za mdhamini, cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, na fomu ya mkopo inayosubiri mhuri wa serikali ya mtaa. Wazazi husimama pembeni wakingoja zamu ya mtoto wao kwenye kompyuta, na wengine hawajui hata kozi iliyojazwa ni ipi.

Katika msimu huo mama mmoja aliniuliza swali ambalo nimeona tulizungumze hapa. Binti yake alisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, amefaulu, na amechagua Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama akasema, "Mwanangu, huyu akikopa miaka mitatu kusoma siasa, atalipa kwa kazi gani?"

Ni swali la mtu mwenye akili, na aghalabu hujibiwa kwa pupa. Wapo wanaosema siasa haina ajira, mpeleke uuguzi. Wapo wanaosema soma tu, ya kazi anayajua Mungu. Pande zote mbili hazijashika kalamu. Deni ni namba na mshahara ni namba, kwa hiyo jioni hii naomba tuziandike zote mbili tuone zinasemaje.

Tuanze na deni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005, una mafungu yake. Kuna ada ya chuo, kwa kiasi ambacho Bodi imeona familia haikiwezi. Kuna fedha ya chakula na malazi, ndiyo bumu, ambayo sasa ni shilingi 10,000 kwa siku. Kuna ya vitabu na viandikwa, na kuna ya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Kila mwanafunzi hupangiwa kulingana na uhitaji wake, na wanaosoma fani za jamii wapo kwenye kundi la mwisho la vipaumbele, nyuma ya udaktari, ualimu wa sayansi na uhandisi. Basi tuchukue mfano tu. Binti amehitimu, jumla ya alichochukua ni shilingi milioni 9. Bodi inaongeza asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, mara moja basi, nayo ni shilingi 90,000. Anadaiwa shilingi 9,090,000.

Milioni tisa ukiisikia hivyo inatisha. Kwa mama anayeuza vitumbua ni fedha ambayo hajawahi kuishika kwa pamoja. Lakini binti hatadaiwa kwa pamoja. Atadaiwa kwenye salari slipu, kwa hiyo tuifungue hiyo slipu.

Tuseme amepata kazi serikalini, na mshahara wa msingi ni shilingi 700,000. Mstari wa kwanza wa makato ni mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5: shilingi 35,000. Inabaki 665,000 ya kutozwa kodi, na kwa viwango vya sasa kodi yake ni 49,000. Bima ya afya, asilimia 3: 21,000. Chama cha wafanyakazi, asilimia 2: 14,000. Halafu mstari wa Bodi. Sheria inasema asilimia 15 ya mshahara wa msingi: shilingi 105,000. Angalia vizuri, mstari wa Bodi peke yake ni zaidi ya mara mbili ya kodi ya serikali. Jumla ya makato yote ni 224,000, na binti anaondoka na 476,000.

Kwa 105,000 kila mwezi, deni lile linakwisha katika miezi 87, yaani miaka 7 na miezi 3. Mshahara ukipanda, asilimia 15 nayo inakata zaidi, na deni linakwisha mapema. Nimewasikia watumishi vijana wakiulalamikia mstari huo, nami siwalaumu. Laki na elfu tano ni kodi ya chumba na sebule katika mitaa mingi ya Dodoma au Morogoro, na ni fedha ambayo kijana angetuma nyumbani. Ila ni deni lenye mwisho, na mwisho wake unahesabika.

Halikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa, makato yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15, na wakati huo deni lilikuwa linabebeshwa pia tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kila mwaka. Kwa deni letu la mfano tozo hiyo ingekuwa karibu shilingi 45,000 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Binti angekatwa 105,000, na 45,000 zingeishia kwenye tozo bila kugusa alichokopa. Aliyechelewa kuanza kulipa aliongezewa tena adhabu ya asilimia 10. Kuna watu walikatwa miaka, wakienda kuuliza salio wanakuta deni limesimama palepale, na wengine limepanda. Mei Mosi ya mwaka 2021, kule Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ile ya asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Kwa maoni yangu, katika mambo yote yaliyowahi kufanyiwa mikopo hii, hilo ndilo lililowagusa watu wengi zaidi mifukoni.

Kwa hiyo tukimjibu mama kwa slipu hii, jibu ni kwamba mkopo unalipika. Lakini slipu yenyewe ina sharti moja kubwa: lazima kwanza kuwe na kazi.

Hapo ndipo hesabu yenyewe ilipo. Binti wa mfano wetu akihitimu mwezi wa kumi na moja akakaa miaka miwili nyumbani bila ajira, amekosa shilingi 476,000 mara miezi 24. Hiyo ni zaidi ya milioni 11. Deni lote lilikuwa milioni 9. Miaka miwili ya kusubiri imemgharimu kuliko chuo kizima, na fedha hiyo haitarudi, haina Bodi wala salio. Wazazi wanauliza deni ni kiasi gani. Mimi naona swali zito zaidi ni kwamba kutoka joho mpaka mshahara wa kwanza itapita miaka mingapi, na atafanya nini katikati.

Kwa mhitimu wa siasa muda huo unaweza kuwa mrefu, na sababu zake zinajulikana. Daktari ana hospitali na mhandisi ana mtambo, ila shahada ya siasa haina jengo lake. Nafasi zake serikalini zina majina ya kiutawala: Afisa Tawala, Afisa Tarafa, Afisa Mambo ya Nje. Chukua Afisa Tarafa, kazi nzuri, ya kumsaidia Mkuu wa Wilaya katika eneo lake. Tarafa zote nchini hazifiki 600, kila tarafa ina afisa mmoja, na tangazo likitoka linawaita pia waliosoma sheria, sosholojia na menejimenti ya umma. Vijana wanaomba kazi mtandaoni kupitia Ajira Portal, wanaitwa kwenye mchujo, wanaopita wanaitwa kwenye mahojiano. Na ukifaulu mahojiano nafasi zikiwa zimejaa, jina lako linawekwa kwenye kanzidata, ungoje. Wapo wanaopigiwa simu wakiwa wamekwisha kata tamaa, wanaambiwa waripoti kituo cha kazi, na wanakwenda wakilia kwa furaha. Wapo wasiopigiwa.

Naomba niweke sawa jambo moja hapa, kwa sababu limewaponza vijana wengi. Kusoma siasa hakumfanyi mtu kuwa mwanasiasa, wala uongozi haudai shahada hiyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, kwa anayetaka ubunge, inataka awe raia aliyefikisha miaka 21 na ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Hakuna shahada pale. Ukiwatazama marais wetu, Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza Makerere, Jakaya Kikwete alisoma uchumi Mlimani, John Magufuli alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati. Vijana hupenda kumtaja Rais Museveni wa Uganda, na ni kweli alisoma uchumi na siasa Dar es Salaam akahitimu mwaka 1970. Lakini Ikulu aliifikia mwaka 1986, baada ya vita vya msituni. Anayekopa milioni 9 kwa kutegemea jimbo, anakopa kwa rehani isiyokuwepo.

Basi shahada hii inafundisha nini? Inafundisha jinsi fedha ya umma inavyopangwa na nani anaamua, jinsi mamlaka ya Mkurugenzi wa halmashauri yanavyotofautiana na ya Mkuu wa Wilaya, jinsi ya kusoma sheria, jinsi ya kuuliza watu elfu moja swali moja na kuyaamini majibu. Idara ya Siasa ya Mlimani ndiyo ilikuwa makao ya REDET, mradi uliofanya utafiti wa demokrasia nchini tangu miaka ya tisini. Tafiti za maoni za Afrobarometer hapa Tanzania zimefanywa na taasisi ya REPOA. Kazi za namna hiyo zinahitaji wadadisi, watu wa kutembea kijiji hadi kijiji na dodoso kwenye kishikwambi, na nyuma yao zinahitaji watu wa kuchambua takwimu na kuandika ripoti. Hapo mwenye shahada ya siasa anayejua takwimu anapata mkataba, na mwenye shahada hiyohiyo aliyeikimbia takwimu kwa miaka mitatu anakosa.

Hili la takwimu nitalikazia. Somo la mbinu za utafiti linachukiwa sana na wanafunzi wa fani za jamii. Wengi wanalikopia kazi za wenzao, wanalivuka kwa alama C, wanashukuru Mungu. Binti yangu unayenisikiliza, hilo ndilo somo litakalolipa deni lako. La pili ni kuandika. Halmashauri nzima unaweza kumkosa mtu wa kuandika muhtasari wa kikao ukaeleweka, au barua ya kurasa mbili bila Mkurugenzi kuirudisha kwa kalamu nyekundu. La tatu ni fildi. Usikubali wiki zako za fildi ziishie kupanga mafaili na kutumwa vocha. Omba ukae na ofisa mipango wakati wa maandalizi ya bajeti, omba uone jinsi halmashauri inavyojibu hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Mtu anayeweza kuisoma ripoti ya CAG na kuieleza kwa lugha ya kawaida anahitajika kwenye asasi za kiraia, kwenye vyombo vya habari, kwenye miradi ya wafadhili, na hata ofisi za vyama. Kazi hizo nyingi ni za mkataba, za miezi sita au mwaka, hazina pensheni nono. Lakini zinaifupisha ile miaka ya kusubiri, na tumeshaona mwaka mmoja wa kusubiri una thamani gani.

Wapo watakaosema, kama mambo ndiyo hayo, serikali iache kuwakopesha watu wa siasa, fedha yote iende sayansi. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya kihistoria.

Mwezi wa kumi mwaka 1966, wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima kwa wasomi. Mpango ulikuwa mhitimu akae kambini miezi kadhaa, kisha afanye kazi miezi 18 akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Chuoni walikuwa wanasoma kwa fedha ya serikali, lakini masharti yale wakayakataa. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, na yeye mwenyewe akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwisha kulieleza Bunge kwamba msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada.

Sasa piga hesabu ya mwaka 1966. Kuachia asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18 ni sawa na kuachia mshahara wa karibu miezi 11. Binti wa mfano wetu, asilimia 15 kwa miezi 87, anaachia mshahara wa miezi 13. Tukiiacha ile miezi ya kambini, mzigo wa leo ni mkubwa kidogo kuliko ule uliowaingiza vijana wa wakati ule barabarani, isipokuwa wa leo umegawanywa kwa miaka mingi na kijana anakatwa akiwa amekaa kimya. Vijana wa 1966 walikuwa na uhakika wa kazi baada ya chuo. Wa leo anabeba mzigo huo bila uhakika huo.

Na kijiji kile cha Mwalimu kinahitaji pia mtu wa kujua chakula kiligawanywaje na nani alikipunja. Hospitali ikijengwa, lazima awepo mtu wa kuuliza kwa nini dari limeanguka mwaka wa pili. Wanaouliza hivyo kwa ujuzi, wakijua kanuni za manunuzi na mamlaka ya kila ofisi, hawapatikani kwa bahati. Wanasomeshwa. Binti wa muuza vitumbua asipokopeshwa kusoma siasa, kiti hicho darasani kitakaliwa na mtoto wa mwenye uwezo peke yake, na baadaye ofisi za utawala zitajaa watu wa nyumba za namna moja. Mimi hilo linaniogopesha kuliko deni lolote.

Wasikilizaji wetu wa Kenya wanalijua jambo hili kwa sura ngumu zaidi. Bodi yao, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, imekuwa ikitoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na faini ya shilingi 5,000 za Kenya kwa kila mwezi ambao mhitimu hakulipa. Kijana asiye na kazi Kisumu au Mombasa anaweza kukuta faini zimekimbilia kulifikia deni lenyewe, na akiomba kazi ya serikali anadaiwa cheti cha kuonyesha amenyooka na HELB. Anadaiwa cheti cha malipo ili apate kazi ambayo ndiyo ingempa fedha ya kulipa.

Sisi hatujafika huko, lakini tuna kifungu chetu kinachonikera, na nataka nikiseme wazi. Mhitimu anapewa miezi 24 baada ya kumaliza chuo, kisha anatakiwa aanze kulipa. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Asiye na mwajiri, anayejitafutia, amewekewa kiwango cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi.

Weka hizo mbili pamoja. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni shilingi 500,000. Mtumishi wa kima hicho angekuwa na mkopo, angekatwa 75,000. Binti wa mfano wetu, mwenye 700,000, anakatwa 105,000. Sasa mtazame mwenzake waliyekaa naye dawati moja, ambaye bado yumo kwenye kanzidata, na kwa sasa ana kibanda cha miamala ya simu kinachomwingizia 300,000 kwa mwezi mzuri. Huyo anatakiwa kulipa 100,000, theluthi ya kipato chake, bila pensheni, bila bima, bila uhakika kwamba mwezi ujao utakuwa mzuri. Ukipiga asilimia 15 kinyumenyume, 100,000 ni makato ya mtu mwenye mshahara wa karibu 667,000. Wangapi kati ya wahitimu waliojiajiri wanaingiza hiyo? Matokeo yake wengi hawalipi chochote. Anayeweza elfu ishirini au thelathini anaona aibu kwenda nazo wakati kiwango ni laki, basi anakaa kimya, na mdhamini wake, mara nyingi mjomba au shangazi, anaishi akiwa na wasiwasi wa kupigiwa simu.

Kwa mama aliyeniuliza, nilimwambia amwache binti asaini, mradi binti mwenyewe aijue hesabu hii kabla ya kusaini, achukue masomo ya takwimu bila kuyakimbia, na bumu asilimalizie kwenye simu mpya. Mwaka wa tatu usimkute hajui hata jina la ofisa mmoja wa halmashauri yao.

Kwa waheshimiwa wabunge ombi langu ni moja. Kama asilimia 6 na asilimia 10 ziliweza kuondolewa, hili nalo linawezekana. Aliyejiajiri alipe asilimia ya kile anachoingiza, kama anavyofanya mwenzake mwenye slipu, na kile kiwango cha chini cha 100,000 kifutwe. Aliyeingiza 300,000 alipe 45,000. Aliyeingiza 150,000 alipe 22,500, kwa simu yake, apate risiti. Bodi itakusanya kidogo kutoka kwa kila mmoja, lakini itakusanya kutoka kwa watu ambao leo wanaikwepa, na fedha hiyo ndiyo itakayomkopesha kijana mwingine mwenye bahasha yake ya kaki mwakani.